Taa ya busta ikizama, uko umbali gani? Hesabu ya kila anayeingia baharini

Katika vijiji vyetu vya Pwani hakuna habari tunayoiogopa kama hii: boti imezima injini nje ya mwamba, vijana hawajarudi, na akina mama wamekaa ufuoni wakitazama maji. Aliyeko nchi kavu huuliza, "Wako wapi?" Aliyeko botini naye hujiuliza swali hilo hilo kwa upande wake: "Nchi iko umbali gani?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu na ni mtoto wa wavuvi. Leo nataka tuzungumzie njia ya kujibu swali la huyo aliyeko botini. Ukiona taa, mnara, kilima au meli kwa mbali, waweza kukadiria umbali wake bila mtambo wowote. Unachohitaji ni macho yako, kimo cha kile unachokitazama, na kipeuo cha pili tulichofundishwa sote shuleni.

Usiku niliodhani nchi iko karibu

Nilikuwa na miaka 19. Tulitoka Kilifi na mjomba wangu, ndugu yake mama, pamoja na mabaharia wawili, kwenda kuvua jodari. Ulikuwa msimu wa kaskazi na bahari ilikuwa shwari. Alasiri injini ikazima. Mjomba akaifungua, akapuliza paipu ya mafuta, akavuta kamba mpaka kiganja kikamchubuka. Haikuwaka. Jua likatua tukiwa hatuoni nchi, na mkondo unatusukuma kaskazini.

Giza lilipoingia tukaona taa nyekundu upande wa magharibi. Nikaitambua. Ilikuwa taa ya mnara wa simu wa kijijini kwetu, ule ambao wengi tunauita busta.

"Mjomba, si ile pale!" nikasema. "Tupige makafi. Saa mbili tu tutakuwa tumefika."

Mjomba hakunijibu mara moja. Kisha akasema, "Hebu kaa chini, mwanangu. Kaa kabisa."

Nikakaa. Taa ikapotea.

"Simama sasa."

Nikasimama, nayo ikarudi. Akaniambia nikae tena, ikapotea tena.

"Basi," akasema, "taa inayokufanyia hivyo iko mbali. Ukipiga kafi usiku kucha, asubuhi hutakuwa na nguvu wala maji, na nchi bado hutaifikia."

Akagawa maji ya kunywa, akafunga tochi juu ya mti, akatupangia zamu za kulala. Kulipokucha tukatweka turubai badala ya tanga, na kikoi chekundu juu yake. Kabla ya adhuhuri boti iliyotoka upande wa Watamu ikatuona na kutuvuta.

Mjomba hakuwa amesoma hesabu hii popote. Aliijua kwa mazoea ya baharini. Mimi niliielewa miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa chuoni. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba usiku ule taa ilikuwa zaidi ya kilomita 30 kutoka kwetu, wakati mimi nilidhani ni tano au sita. Kwa makafi, boti yenye watu wanne ikienda kilomita 3 kwa saa ni bahati, tena kama mkondo haukupingi. Ingekuwa saa kumi na zaidi za kupiga kafi bila kupumzika.

Kwa nini vitu huzama

Dunia ni mviringo, na maji ya bahari hufuata mviringo huo. Ukitazama mbele, macho yako hufika mahali ambapo maji yanaanza kuinama upande wa pili. Hapo ndipo penye upeo wa macho. Kitu kilicho nyuma ya upeo huo hufichwa na maji kuanzia chini. Ndiyo maana meli inayoondoka hupotea ubavu kwanza, kisha vyumba vyake, na mwisho mlingoti. Ndiyo maana pia ukienda nje hupoteza kwanza mchanga wa ufuo, kisha paa za nyumba, kisha vilele vya minazi, na busta hubaki nyuma ya vyote.

Mambo mawili huamua kitu kitazama lini: kimo chake juu ya maji, na kimo cha jicho lako juu ya maji. Kila kimoja kina upeo wake. Upeo wako na upeo wa kile kitu vikikutana, hapo ndipo mwisho wa kuonana.

Kanuni yenyewe

Tafuta kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, kisha zidisha kwa 3.86. Jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita. Kipeuo cha pili ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata namba uliyoanza nayo: cha 9 ni 3, cha 25 ni 5, cha 49 ni 7. Kwenye kikokotoo cha simu ni alama ya √.

Wanaohesabu kwa maili za baharini, yaani maili yenye mita 1,852, wazidishe kwa 2.08 badala ya 3.86.

Hiyo 3.86 haikutoka hewani. Nusu kipenyo cha dunia ni kama kilomita 6,371. Ukichora pembetatu kutoka kitovu cha dunia hadi jichoni na hadi kwenye upeo, kisha ukatumia kanuni ya Pythagoras, utapata 3.57. Lakini mwanga haupiti hewani ukiwa umenyooka kabisa. Karibu na maji hupinda kidogo kufuata mviringo wa dunia, na kwa kawaida hilo hutuongezea kama asilimia 8. Ndipo tunapofika 3.86.

Wala hesabu hizi si geni kwa watu wa mashariki. Kama miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni al-Biruni alipanda kilima huko Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, akapima jinsi upeo ulivyoinama chini ya usawa wa macho yake, na kutokana na hapo akakadiria nusu kipenyo cha dunia. Yeye alianza na kilima akaipata dunia. Sisi dunia tunaijua tayari, kwa hiyo tunaanza nayo ili tupate umbali wa kilima.

Hatua nne

Tuchukue busta ya usiku ule.

1. Tafuta kimo cha kitu juu ya maji. Mnara una mita 40 na umesimama kwenye ardhi iliyo mita 9 juu ya bahari. Jumla ni mita 49.

2. Tafuta kimo cha jicho lako juu ya maji. Ukikaa ndani ya boti ndogo, tuseme mita 1. Ukisimama, tuseme mita 2.25.

3. Tafuta upeo wa kila kimoja. Mnara: 7 mara 3.86 ni kilomita 27.0. Jicho ukiwa umekaa: 1 mara 3.86 ni kilomita 3.9. Jicho ukiwa umesimama: 1.5 mara 3.86 ni kilomita 5.8.

4. Jumlisha. Ukiwa umekaa, taa itazama ukifika kilomita 30.9. Ukiwa umesimama, itazama kilomita 32.8.

Sasa rudi kwa mjomba. Taa ilionekana nikisimama na kupotea nikikaa. Maana yake tulikuwa kati ya kilomita 31 na 33 kutoka kwenye mnara. Kukaa na kusimama tu kulitupa jibu lenye kosa la kilomita mbili hivi. Ukifanya hivyo, mwenzako akushike, na msisimame wote kwa pamoja.

Kama taa inaonekana hata ukikaa, uko ndani ya kilomita 31. Kama haionekani hata ukisimama, na hewa ni safi, umevuka 33. Hayo matatu yanatosha kumsaidia nahodha kuamua apige kafi, asubiri upepo, au atunze nguvu za watu wake.

Vimo vya kukariri

Hizi hapa ni peo za vimo tunavyokutana navyo. Chukua upeo wa kitu, ongeza upeo wa jicho lako.

Mita 1 (jicho, umekaa botini): kilomita 3.9
Mita 2.25 (jicho, umesimama botini): kilomita 5.8
Mita 4 (taa juu ya mti wa boti): kilomita 7.7
Mita 10 (mikoko mirefu kiasi): kilomita 12.2
Mita 20 (minazi ya ufuoni): kilomita 17.3
Mita 36 (chumba cha nahodha wa meli kubwa): kilomita 23.2
Mita 49 (busta yetu): kilomita 27.0
Mita 100 (kilima cha kawaida): kilomita 38.6
Mita 400 (vilima vya Shimba): kilomita 77.2

Angalia minazi. Ukikaa botini, vilele vyake huzama kwenye kilomita 21 hivi. Bahari ya nchi yetu inafika maili 12, ambazo ni kilomita 22.2. Kwa hiyo mvuvi aliyekaa akiona minazi imezama yote, ajue yuko karibu na mpaka huo.

Angalia tena tofauti ya Kwale na Tana River. Mvuvi wa Kwale ana vilima vya Shimba nyuma yake, vyenye zaidi ya mita 400. Kwa hesabu peke yake, vilele hivyo havizami mpaka avuke kilomita 80, ingawa ukungu na mawingu huvificha mapema zaidi. Lakini mvuvi wa Ghuba ya Ungwana, mbele ya delta ya Mto Tana, ana nchi tambarare na mikoko. Kwake bara huzama kwenye kilomita 16. Hajaenda mbali kumzidi mwenzake, ila nchi yake ni ya chini. Kijana aliyezoea bahari ya Diani akienda kuvua Kipini, asidanganyike kwamba nchi ikipotea amefika kilindi cha mbali, wala wa Kipini akienda Diani asidhani kwamba akiona kilima yuko karibu na nyumbani.

Kupima busta ya kwenu

Kimo cha mnara waweza kukipima kwa kivuli. Simamisha kijiti cha mita 1 wima, pima kivuli chake, na wakati huo huo pima kivuli cha mnara. Kijiti kikitoa kivuli cha mita 0.8 na mnara ukatoa mita 32, gawanya 32 kwa 0.8. Mnara una mita 40. Kisha ongeza kimo cha ardhi juu ya maji.

Usiogope kukosea kidogo. Ukikosea mita 5 kwenye mnara wa mita 49, umbali hubadilika kwa kilomita 1.4 tu. Hata kupwa na kujaa hakuharibu hesabu: wakati wa bamvua tofauti ya maji kwetu huzidi mita 3, lakini kwa busta hiyo ni chini ya kilomita moja.

Makosa niliyoyaona

Nimewafundisha vijana wengi hesabu hii, na makosa huwa yanajirudia.

La kwanza ni kujumlisha vimo kabla ya kutafuta vipeuo. Mtu huchukua 49 na 1, anapata 50, kisha anasema kilomita 27.3. Amepoteza zaidi ya kilomita 3. Tafuta kila upeo peke yake, ndipo ujumlishe.

La pili ni kudhani kwamba kimo kikiongezeka mara mbili, umbali nao huongezeka mara mbili. Sivyo. Ili uone mara mbili, kimo lazima kiwe mara nne.

La tatu ni kupima kwa mng'ao. Usiku taa za Mombasa au Malindi huangaza mawingu, na mwanga huo huonekana hata taa zenyewe zikiwa zimezama. Kanuni yetu ni ya taa yenyewe, ile nukta unayoiona. Usiitumie kwa mng'ao wa mji.

La nne ni kusahau nguvu za taa. Kila taa ina mipaka miwili: ule wa mviringo wa dunia, na ule wa ukali wa mwanga wake. Unaokuja mapema ndio unaoshinda. Ramani za bahari huandika kwa kila taa ya kuongoza meli, kama ile ya Ras Serani, kimo chake na maili ambazo mwanga wake hufika. Tochi ya mkononi inaweza kuwa juu vya kutosha na bado isionekane, kwa sababu ni hafifu. Mvua, ukungu na chumvi inayorushwa na upepo wa kusi hupunguza zaidi.

La tano ni kuamini upeo siku ya joto na shwari. Hewa ya aina hiyo hupinda mwanga kuliko kawaida, na waweza kuona visiwa vimeinuka au nchi imeelea. Siku kama hizo ongeza shaka kwenye jibu lako.

Wao nao wanakuona?

Hapa ndipo hesabu hugeuka kuwa uhai. Umbali wa kuonana ni ule ule kwa pande zote mbili. Ukiwa umekaa botini, chumba cha nahodha wa meli chenye mita 36 kitakuchungulia kuanzia kilomita 27. Lakini wewe unaona jumba zima, yeye anatafuta punje. Boti yako haizidi nusu mita juu ya maji na mawimbi huifunika. Usidhani kwamba kwa kuwa umeiona meli, basi nayo imekuona.

Kwa hiyo inua alama yako. Tochi ikiwekwa kwenye ubao wa kukalia, mita 1 juu ya maji, mtafutaji aliyesimama kwenye boti nyingine anaweza kuifikia kwa kilomita 9.7. Ukiifunga juu ya mti wa mita 4, ni kilomita 13.5, mradi iwe na nguvu za kufika huko. Mduara wa kutafutiwa huwa karibu mara mbili kwa ukubwa. Mchana, kitambaa hakitaonekana kutoka mbali hivyo, lakini kikiwa juu hakifichwi na kila wimbi.

Kuna hesabu nyingine ndogo ya kumsaidia anayetafuta. Meli ikiwa kilomita 20 nawe umekaa, ondoa upeo wako wa 3.86, gawanya kilichobaki kwa 3.86, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata kama 17.5. Hizo ndizo mita za chini zilizofichwa na maji. Ukiona kontena za juu tu za meli huku ubavu haupo, ujue kwamba bado iko mbali sana, usimalize nguvu kwa kupunga mikono. Ubavu ukianza kuonekana ndipo upunge.

Simu nayo hufuata njia ya mnara. Mawimbi yake yanahitaji kuonana na busta karibu sawa na macho yako, hupita upeo kidogo tu. Tena mtandao wa 2G kwa kawaida hauvuki kilomita 35 hata ukiwa juu. Kwa hiyo kama taa ya busta iko pale pale pa kuzama, simama, inua simu, na tuma ujumbe mfupi badala ya kumaliza chaji kwa kupiga na kupiga. Sema msimu wa upepo, idadi ya watu, na hilo la taa: "Tukisimama tunaiona, tukikaa hatuioni." Mwenye redio ya VHF aite kwenye chaneli ya 16, na antena iwe juu kadiri iwezekanavyo.

Ombi langu kwa BMU

Maneno yale, "tukisimama tunaiona, tukikaa hatuioni," yanamfaa tu mtu wa nchi kavu anayejua maana yake. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa BMU katika kila diko: pimeni mnara wenu, kilima chenu na taa zenu, mara moja tu. Andikeni ukutani, pale panapopimwa samaki, kwamba busta yetu huzama kilomita kadhaa ukikaa na kadhaa ukisimama, na minazi yetu huzama kilomita kadhaa. Rangi na brashi ni gharama ndogo. Watoto wa shule za hapo wanaweza kufanya hesabu yenyewe, na walimu wa hesabu tupo.

Siku simu itakapoingia usiku na mtu kusema taa inazama akikaa, wanaokwenda kutafuta watajua waelekee umbali gani. Watachora nusu duara kuanzia kwenye mnara, waongeze mkondo wa siku hiyo, na waanzie hapo. Sisi usiku ule hatukuwa na wa kumpa namba hiyo. Tulikuwa na mjomba tu, na si kila boti ina mjomba.